Kaya moja, majibu mawili: uraia wa wakimbizi wa 1972 ulivyoingia ndani ya nyumba

Kisa hiki kinahusu kaya moja ya Mishamo, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Majina, kijiji, kanisa na baadhi ya tarehe za kifamilia nimeviondoa au kuvibadilisha ili wenyewe wasitambulike. Nimewaandikia wasaidizi wa kisheria, watendaji wa kata na vijiji, walimu na wachungaji, maana mara nyingi hao ndio wa kwanza kuulizwa na mtu aliyeshika fomu mkononi: "Nijaze nini hapa?"

Usuli

Mauaji yaliyoanza Burundi mwishoni mwa Aprili 1972 yaliwatoa Wahutu wengi makwao. Waliokuwa kusini, karibu na Ziwa Tanganyika, baadhi yao walivuka kwa mitumbwi hadi upande wa Kigoma, na wengine walipita nchi kavu. Serikali ya Tanzania haikuwaacha mpakani. Iliwafungulia makazi ndani kabisa ya nchi, kwenye misitu ya miombo yenye mbung'o na watu wachache: Ulyankulu mkoani Tabora mwaka 1972, Katumba karibu na Mpanda mwaka 1973. Ulyankulu ilipozidiwa na watu na maji yakawa haba, mwaka 1978 ikafunguliwa Mishamo, na familia nyingi zikahamishiwa huko.

Kila kaya ilipimiwa shamba, ikapewa majembe na mbegu, ikalishwa hadi ilipovuna. Kufikia 1985 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lilikuwa limeyakabidhi makazi yote matatu kwa Serikali, kwa sababu watu walikuwa wanajilisha wenyewe na kuwauzia majirani mahindi, maharage na mihogo. Tumbaku ikaja ikawa zao la fedha. Kisheria, hata hivyo, walibaki wakimbizi. Aliyetaka kwenda Mpanda, Tabora au Kigoma aliomba kibali cha kutoka. Msimamizi wao alikuwa Mkuu wa Makazi, wakati vijiji vya jirani vilichagua wenyeviti wao.

Mwaka 2007 Serikali za Tanzania na Burundi, pamoja na UNHCR, zilikubaliana mpango wa kulimaliza suala hili. Sensa ya mwaka huo ilihesabu takriban watu 218,000 katika makazi hayo matatu, na kila kaya iliulizwa kama inataka kurudi Burundi au kubaki na kuomba uraia wa Tanzania. Karibu asilimia 80 walisema wanabaki. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba takriban watu 162,000 wamekubaliwa kuwa raia kwa tajnisi, yaani uraia anaopewa mgeni kwa kuomba. Nchi ilikuwa na uzoefu wa jambo hili, kwa kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kinyarwanda walipewa uraia. Safari hii idadi ilikuwa kubwa zaidi mara kadhaa.

Watu wa nyumba hii

Mzee alivuka ziwa akiwa kijana wa miaka kama 15, pamoja na mama yake. Baba yake aliuawa. Alifyeka pori Ulyankulu na kujenga huko, kisha mwaka 1978 akaambiwa ahame, akajenga upya Mishamo. Mkewe aliletwa Tanzania akiwa mtoto wa mgongoni. Walizaa watoto wanne, wote Mishamo. Katika kisa hiki watatu ndio muhimu: kifungua mimba wa kiume, aliyekuwa na mke na mtoto mdogo wakati wa sensa, binti wa pili, aliyekuwa akisoma sekondari na kufaulu vizuri, na kitindamimba, mvulana wa shule ya msingi.

Nyumbani walizungumza Kirundi na wazazi. Wao kwa wao watoto walizungumza Kiswahili. Shuleni mtaala ulikuwa wa Tanzania, kuanzia gwaride la asubuhi hadi wimbo wa taifa. Mzee hakuwahi kuona hapo mgongano wowote, na mimi pia sijauona.

Mfululizo wa matukio

*Mwaka 2007: majibu mawili kutoka mlango mmoja.* Kabla waandikishaji hawajafika, kaya ilikaa kikao cha usiku mzima. Waliamua kugawanyika kwa makusudi. Wazazi na watoto watatu wangeomba uraia. Kifungua mimba angerudi Burundi na familia yake.

Sababu kuu ilikuwa ardhi. Babu aliacha shamba la michikichi kusini mwa Burundi, na habari zilizofika zilisema shamba lile lina watu wengine waliolikalia tangu 1972. Wazee wa ukoo waliamini kwamba asipoonekana mtu wa damu akalidai, litapotea kabisa. Pia walikuwa na hofu ambayo hawakuisema mbele ya mwandikishaji: uraia ukikataliwa, nani atakuwa na pa kwenda? Kwa hiyo waliweka watoto pande zote mbili. Kifungua mimba aliondoka mwaka 2008 na misafara ya kurejea.

*Mwaka 2010: kukubaliwa bila cheti.* Ilitangazwa kwamba maombi yao yamepita. Sheria ya Uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo walikuwa wamekwisha kusaini kuukana uraia wa Burundi. Kisha wakaelezwa sharti lililowashtua: makazi yangefungwa, watu wangetawanywa katika mikoa mingine ya nchi, na cheti mtu angekipokea huko anakohamia. Hoja iliyotolewa ilikuwa kuwachanganya na jamii nyingine ili wasibaki kundi la peke yake.

Nyumba ikagawanyika tena, safari hii bila kukubaliana. Binti, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha sita, alitaka wahame mara moja. Alikuwa na nafasi ya kusoma ualimu chuo kikuu, lakini mkopo wa elimu ya juu ni wa raia, naye hakuwa na karatasi ya kuthibitisha uraia wake. Mzee alikataa katakata. "Nimejenga Ulyankulu, nimejenga hapa. Sijengi tena," alimwambia. Binti akamjibu, "Baba, wewe umejenga. Mimi nitajenga lini?"

Aliyeamua ni mama. Alisema wajiandikishe kuhama kama walivyoagizwa, ila wasiuze hata bati moja mpaka waone lori limesimama mlangoni. Jirani yao alikuwa ameuza ng'ombe na mabati kwa bei ya kutupa, akawa anangoja safari. Mpango wa kuhamisha watu uliposimamishwa mwaka 2011, jirani huyo alibaki na kuta tupu. Kaya hii ilibaki na nyumba yake.

*Mwaka 2011 hadi 2014: kungoja.* Kipindi hiki ndicho kilichowaumiza zaidi, japo hakikuwa na tukio lolote la kusimuliwa. Uhamisho ulisimama na vyeti havikuja. Mzee aliacha kupanda miembe. Bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, lilipobomoka hakulijenga upya. Alilima mahindi na maharage tu, mazao ambayo mtu anaweza kuyavuna na kuondoka. Paa la darasa la shule lilivuja msimu baada ya msimu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kutia fedha mahali panapotarajiwa kufungwa. Binti alifundisha kwa kujitolea katika shule hiyo hiyo. Kitindamimba, aliyekuwa ameanza sekondari ya bweni nje ya makazi, aliwaambia wenzake kuwa yeye ni Muha wa Kasulu, yaani mtu wa kabila la mkoani Kigoma. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu sana, kwa hiyo hakuna aliyemtilia shaka.

*Oktoba 2014 na baada yake: cheti.* Rais Jakaya Kikwete alizindua ugawaji wa vyeti, na sharti la kuhama likawa limeondolewa. Wazazi na binti walipata vyao bila tatizo. Cha kitindamimba kilikuwa na jina lililoandikwa tofauti na la shuleni na mwaka wa kuzaliwa usio wake, kama karani alivyoandika kwenye fomu ya zamani. Hapo ndipo nilipoitwa kusaidia.

*Mwaka 2015: kura, na simu kutoka Kigoma.* Oktoba wazazi na binti walipiga kura ya uchaguzi mkuu kwa mara ya kwanza maishani. Miezi michache kabla, kufuatia machafuko yaliyoanza Burundi Aprili 2015, kifungua mimba alikuwa amevuka mpaka na mkewe na watoto, akapokelewa katika mojawapo ya kambi za Kigoma. Alimpigia baba yake simu: "Nimerudi." Kwa Mzee, aliyerudi ni mtoto aliyezaliwa Mishamo. Kwa sheria, aliyeingia ni mkimbizi mpya wa Burundi.

Maamuzi na sababu zake

Suala la cheti cha kitindamimba tulilimaliza kwa nyaraka. Tulikusanya kadi yake ya kliniki, cheti cha ubatizo na barua ya mwalimu mkuu iliyotokana na rejesta ya darasa la kwanza, kisha tukaandaa hati ya kiapo inayosema kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Kumwambia abadilishe jina la shuleni lifanane na cheti kungekuwa rahisi zaidi, na mtu mmoja ofisini alishauri hivyo. Tulikataa, kwa sababu matokeo ya mitihani yake yalikwishatoka kwa jina lile, na ukigeuza jina moja unatafuta tatizo la pili.

La kifungua mimba lilikuwa zito. Mzee alitaka aje Mishamo usiku, akae kimya, alime. Njia ya pili iliyojadiliwa ilikuwa yeye kuomba tajnisi peke yake. Kwa mtu aliye kambini, asiye na kipato wala ukaaji unaohesabika nje ya kambi, hilo halikuwa na mwelekeo. Njia ya tatu ilikuwa abaki kambini akiwa ameandikishwa, na atembelewe kila inapowezekana.

Niliwashauri njia ya tatu, na familia ikaikubali kwa uchungu. Uandikishaji wa kambini ulikuwa kinga yake pekee dhidi ya kurudishwa kwa nguvu. Mkimbizi akikutwa nje ya kambi bila kibali anashtakiwa, na wanaomhifadhi wanaingia matatani pamoja naye, wakati vyeti vyao vilikuwa bado vibichi. Mzee alisema, "Mnaniambia nimlinde mwanangu kwa kumweka mbali nami." Ndivyo ilivyokuwa, na sikuwa na jibu lingine la kumpa.

Matokeo

Binti alisoma stashahada ya ualimu baada ya kupata cheti. Ile nafasi ya chuo kikuu hakuipata tena. Kitindamimba alimaliza shule kwa jina lake halisi na sasa anafanya biashara kati ya Mpanda na Tabora bila kuomba ruhusa ya mtu. Mzee alijenga bani jipya na kupanda miembe.

Alipofariki, ukoo ulijadili kwa muda mfupi kama azikwe Burundi. Mama alisema azikwe alipolima. Kifungua mimba aliomba kibali cha kuja kuzika, kikatoka baada ya maziko. Kuhusu ardhi ya babu, kifungua mimba kabla ya kukimbia alikuwa amekubaliana na waliolikalia shamba wagawane. Kipande alichopata sasa kina mtu mwingine.

Uchambuzi: kilichosaidia

Watu waliulizwa wanataka nini. Katika historia ya wakimbizi Afrika hilo ni jambo kubwa, na halipaswi kupunguzwa uzito kwa sababu ya makosa yaliyofuata. Mtu aliyekuwa mkimbizi kwa miaka 35 aliwekewa njia mbili za kweli mbele yake, na nchi iliyompokea ikawa tayari kumpa uraia kamili. Mataifa yenye mali mara nyingi zaidi ya yetu yanagombana leo juu ya watu wachache kuliko hao.

Cha pili ni kwamba ushirikiano na majirani ulikuwa umekwisha kujengwa kabla ya karatasi. Shule zilifundisha kwa Kiswahili, masoko ya makazi yaliwalisha watu wa wilaya nzima, makwaya yalialikana, vijana walioana. Ndiyo maana uhamisho ulipofutwa haikutokea ile hatari iliyohofiwa ya kuwa na nchi ndani ya nchi. Wenyeji waliokuwa na wasiwasi walikuwa na sababu ya kuhesabu watu: sensa ya 2012 iliukuta Mkoa mpya wa Katavi na watu takriban 565,000, na raia wapya wa Katumba na Mishamo walikuwa sehemu kubwa ya hao. Kura zao zingeamua nani awe mbunge. Wasiwasi huo wa kisiasa ulistahili kujibiwa waziwazi, kwa mikutano na kwa mipaka ya majimbo. Kuwatawanya watu kusingeujibu. Kungeupeleka katika mikoa mingine ambako hakuna aliyewafahamu.

Mama naye anastahili kutajwa. Msimamo wake wa kutii agizo bila kuuza chochote uliiokoa kaya, nao ulitokana na kumbukumbu ya 1978. Watu waliowahi kuhamishwa huwa na hekima ya pekee kuhusu uhamisho, na mipango ya aina hii hufanya vibaya kutowasikiliza.

Uchambuzi: kilichokwama

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa kuufunga uraia na kuhama. Wazo lenyewe halikuwa geni nchini. Katika miaka ya 1970 mamilioni ya Watanzania walihamishiwa vijiji vya ujamaa kwa imani kwamba taifa hujengwa kwa kuwapanga watu upya. Lakini kwa mkimbizi, kuhamishwa kwa amri ndiko hali aliyotarajia uraia umtoe. Alipoambiwa kwamba cheti chake kiko mkoa mwingine, mpango uliokusudiwa kumtuliza ulimtikisa. Miaka ile ya kungoja ilipoteza mavuno, madarasa na nafasi ya binti mmoja chuoni, na hasara ya aina hiyo haionekani katika taarifa yoyote kwa sababu ni ya vitu ambavyo havikufanyika.

Hatari ya kisheria ilikuwa mbaya zaidi kuliko wengi walivyotambua. Kati ya 2010 na 2014 kaya hii ilikuwa imekwisha kuukana uraia wa Burundi na haikuwa na uthibitisho wa uraia wa Tanzania. Mtu akiugua safarini, akikamatwa, akitaka kufungua akaunti, angejitambulisha kama nani? Mpangilio salama ni mmoja tu: cheti kipya kitolewe siku ile ile mtu anapoukana uraia wa zamani.

Fomu nazo ziliiona kaya kama kundi la watu wenye nia moja. Nyumba nyingi, kama hii, zilijibu kwa kujigawa, kwa kuwa watu waliowahi kupoteza vyote hawaweki kila kitu upande mmoja. Mpango haukuwa na nafasi kwa aliyetumwa upande wa pili na mambo yakamharibikia. Kifungua mimba alichagua kwa niaba ya ukoo, na adhabu ameibeba peke yake.

Kuhusu kuitwa Muha

Hili nalikalia kidogo kwa sababu walimu huniuliza. Kitindamimba alipojiita Muha hakuwa anaukana ukoo wake. Alikuwa anajikinga na neno "mkimbizi", ambalo bwenini lilitumika kama tusi. Baada ya ile ya 1967, sensa za Tanzania haziulizi kabila, na hilo limelisaidia taifa sana. Mitaani, hata hivyo, swali "wewe ni mtu wa wapi?" huulizwa kila siku, na mtoto wa Mishamo hakuwa na jibu la kweli lisilomletea maswali mengine kumi.

Niliona mabadiliko baada ya cheti, ingawa hayakuja kwa namna niliyotarajia. Siku hizi akiulizwa anasema, "Mtu wa Mishamo." Hasemi Mrundi wala Muha, anataja mahali. Kirundi anakizungumza na mama yake, na watoto wake wanakielewa nusu. Dada yake anasikitika kwamba lugha inapotea, na amewaomba wazee wa kanisa warudishe nyimbo za Kirundi katika ibada moja ya mwezi. Baadhi ya waumini walipinga, wakihofu kuonekana kama wageni tena. Nipo upande wa dada. Raia halali hana haja ya kuficha lugha ya bibi yake. Wachaga, Wahaya na Wamakonde huimba kwa lugha zao makanisani na hakuna anayewataka waonyeshe karatasi.

Kwa atakayeshika kisa kama hiki

Anza kwa kuuliza nani hayumo kwenye fomu. Usiridhike na waliokaa mbele yako. Uliza watoto wangapi walizaliwa katika nyumba hiyo, kila mmoja yuko wapi, na aliondoka kwa uamuzi wa nani. Soma tahajia ya kila jina kwa sauti mbele ya mwenyewe kabla hajasaini. Usimhakikishie mtu tarehe ambayo si wewe unayeipanga. Na tangazo la kuhama likitoka, waambie watu wazi kwamba mpaka utekelezaji uanze mali yao wasiiguse.

Kesi moja ya nyumba hii bado iko wazi. Mtoto wa kwanza wa kifungua mimba alizaliwa Mishamo kabla ya sensa, akapelekwa Burundi akiwa mdogo, na rekodi za kambini zinamwonyesha kama Mrundi aliyeingia 2015. Bibi yake ameitunza kadi yake ya kliniki na cheti chake cha ubatizo. Tumetoa nakala zilizothibitishwa, moja ipo kanisani na nyingine kwa shangazi yake, na kila utaratibu wa uraia unapobadilika tunaupitia upya kuona kama kuna kifungu kinachomgusa.